Kuhamia mji mpya kwa chuo na kazi hali ikiwa ngumu

Ndugu, umeuliza kama uende sasa hivi huo mji mpya ukaanze chuo huku unatafuta kazi, ama usubiri mwaka hali itulie. Mi naona kama nafasi ya chuo ushapata nenda, ila usiende mikono mitupu, maana kinachowatesa wengi ni mwezi wa kwanza. Hata ukipata kazi wiki ileile mshahara si mpaka mwisho wa mwezi, sasa hapo katikati nauli inatakiwa, kula kunatakiwa, na mwenye nyumba anataka kodi mbele na dipoziti juu. Jitahidi uwe na akiba ya kama miezi miwili kabla hujapanda basi.

Halafu chumba usilipie kwa simu hujakiona jamani, hata picha ziwe nzuri vipi. Fikia kwa ndugu au hosteli kwanza, kakague mwenyewe, fungua bomba uone kama maji yanatoka, waulize wapangaji umeme mnagawanaje, na rudi tena usiku uone njia ikoje. Cha bei rahisi kikiwa mbali na chuo nauli itakumaliza.

Kazi tafuta ya shifti, na ratiba ya vipindi mwonyeshe bosi kabla hujasaini chochote. Ada kaulize uhasibu kama unaweza kulipa kwa awamu, vyuo vingi vinakubali ukiuliza mapema.

Vipindi vyako ni asubuhi au jioni? Niambie hapo tujue kazi gani itakufaa.