Fundi Anajibu: Fremu ya Masese na Krengi ya Tororo

SWALI: Mzee, salaam. Nimenunua fremu ya baiskeli kwa wauza vyuma chakavu hapa Masese, kwa bei ya kilo, kabla haijapelekwa tanuruni. Imepakwa rangi ya nyumba, kijani, kwa brashi. Haina stika wala nembo, mbele kuna matundu mawili tu. Kwenye maungio chuma kimekatwa kwa madoido. Pale ekseli ya gurudumu la nyuma inapoingia nilikwangua nikakuta neno "Campagnolo". Chini, penye krengi (mikono inayoshika pedali), kuna namba. Bomba la krengi lina upana wa milimita 68, na nafasi ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, ni 120. Nguzo ya kiti ni ya aluminiamu, imeandikwa 27.2, na imekwama. Jirani anasema ni Raleigh ya wakoloni: niipake nyeusi, nibandike stika za dhahabu, nimuuzie mzungu Kampala. Nifanyeje?
Msomaji, Jinja

JIBU: Kijana wangu, kwanza mnyang'anye jirani hiyo brashi.

Vipimo ulivyoniandikia ni vizuri kuliko barua nyingi ninazopata. Watu huniletea picha ya stika wakaniuliza baiskeli ni ya nani. Stika inanunuliwa. Hesi na unene wa bomba ni vigumu kughushi, basi tuanzie hapo.

Raleigh za kazi, zile nyeusi za breki za vyuma zilizobeba matooke na walimu nchi hii nzima, zilitoka Nottingham, Uingereza, zikiwa na hesi yao wenyewe kwenye krengi, meno 26 kwa inchi, na bomba la krengi kwa kawaida ni 71 au 76. Lako ni 68. Raleigh walitengeneza pia fremu nyepesi za mbio kwa vipimo vya wenzao, kwa hiyo jina lao silifuti kabisa, ila ile ya kazi ya jirani yako siyo. Mtaliano naye hutumia 70. Wanabaki Mwingereza na Mfaransa, na hao wanatenganishwa na kikombe cha upande wa mnyororo, kile cha hesi kinachoshika gololi za krengi. Kikifunguka kwa kuzungusha mwendo wa saa, fremu ni ya Kiingereza karibu hakika (Waswisi nao walifanya hivyo, lakini ni wachache). Kikifunguka kinyume, ni ya Kifaransa, na utahangaika sana kupata vikombe.

Neno Campagnolo, jina la kiwanda cha Italia cha vipuri vya baiskeli, lisikupeleke Italia. Vile vyuma vya nyuma vilinunuliwa na mafundi wa nchi nyingi, na vipande vya maungio vyenye madoido vilitoka Ufaransa vikatumiwa hata Uingereza. Vinachokuambia ni kwamba aliyeunda hiyo fremu hakubana pesa.

Kilichonifurahisha mimi ni ile 27.2. Bomba la nje la kiti kwenye fremu za aina hii lina milimita 28.6. Nguzo ya 27.2 ikiingia, maana yake kuta za bomba pale juu ni kama nusu milimita na ushee. Baiskeli ya kawaida ya mtaani ina bomba lenye kuta nene, nguzo yake ni nyembamba zaidi, 26 au chini ya hapo. Mabomba yenye kuta nyembamba hivyo huwa manene kwenye ncha, yanakopata moto wa kuunganishwa, na mepesi katikati. Ufundi huo Reynolds wa Birmingham waliuandikia hataza mwaka 1897, na chuma chao mashuhuri, 531, kilitoka 1935. Columbus wa Italia nao wana bomba lenye nguzo ya 27.2, kwa hiyo sikuapii kwamba lako ni 531. Nawe usiape kwa mnunuzi. Anayebandika stika ya 531 juu ya bomba asilolijua ni mwizi kama wale wa vipimo vya mizani.

Nafasi ya 120 ni ya gia tano nyuma. Baadaye ikaja 126 kwa gia sita. Angalia pia kama waya za breki na gia zilishikwa kwa bangili za kufunga au kwa vishikizo vilivyounganishwa kwenye bomba lenyewe. Bangili huelekeza kwenye umri mkubwa zaidi. Namba ya chini ipige picha, iandike daftarini, na usiipitishie tupa.

Kabla hujatumia hata shilingi, jua kama fremu imenyooka. Funga uzi kwenye chuma cha nyuma kushoto, upitishe mbele ya bomba la usukani, urudi nao kulia, uvute ukaze. Pima kutoka uzi hadi bomba la kiti pande zote mbili. Tofauti ya milimita mbili haina shida. Sita au saba, fremu imegongwa. Halafu pitisha kidole chini ya mabomba mawili ya mbele, karibu na usukani. Ukihisi kivimbe, rangi ikiwa imepasuka hapo kwa mistari, mtu aligonga ukuta au lori. Fremu hiyo itundike, usiipande.

Ukikuta ufa, usiipeleke kwa mchomeleaji wa geti na madirisha. Umeme wake utatoboa ukuta wa nusu milimita kabla hajashusha miwani. Mabomba haya yaliunganishwa kwa gesi na shaba, au kwa fedha ambayo huyeyuka kwa joto dogo zaidi. Tafuta fundi wa gesi mwenye subira, au acha.

Nguzo iliyokwama: geuza fremu juu chini, mimina amonia kupitia penye krengi, uiache usiku kucha, kisha ujaribu kuizungusha huku mwenzako ameshika fremu. Usivute, zungusha. Rudia siku kadhaa. Kuna watakaokuambia utumie kostiki ya watengeneza sabuni, na ni kweli inakula aluminiamu na kuacha chuma. Lakini inakula na rangi, inachemka, na inatoa gesi inayowaka. Mimi naiweka ya mwisho kabisa, nje ya nyumba, kwa glavu na miwani, mbali na sigara na jiko.

Kuhusu rangi, chini ya kijani cha nyumba huenda imelala ile ya kwanza, iliyookwa. Jaribu tina (kiyeyusha rangi) kwa kitambaa sehemu ndogo iliyojificha, penye krengi. Rangi ya brashi hulainika upesi, iliyookwa hukawia. Endelea taratibu, kwani stika au mstari wa dhahabu uliofunikwa ndio cheti chako. Mikwaruzo iache. Usikubali kupigiwa mchanga kwa nguvu wala kupakwa rangi ya unga, maana mchanga unakondesha bomba na unga unajaza madoido na namba.

Vipande vidogo vya chuma vyenye kutu, wewe una bahati ya kuishi karibu na Kakira, penye kiwanda cha sukari. Molasi sehemu moja, maji sehemu tisa, loweka wiki mbili, tatu. Inanuka, lakini inatoa kutu bila kugusa chuma kizima. Aluminiamu usiingize humo.

Magurudumu ya 28 kwa 1½ ya dukani usiyanunue. Rimu zake nyingi zimetengenezwa kwa breki inayobana kwa ndani, hazina ubavu wa kushikwa na breki za fremu yako.

SWALI: Baba, kota pini ya krengi yangu, ile inayoishika kwenye ekseli, inalegea kila wiki. Baiskeli ni ya kubeba mizigo.
Msomaji, Tororo

JIBU: Mwanangu, huenda umeuziwa pini ya milimita 9 kwa tundu la 9.5. Nenda na kalipa (kipimio cha unene) dukani. Ukipata saizi yake, piga tupa ule ubapa kidogo kidogo mpaka ulale kwenye ekseli sawasawa, na pini mbili zielekee pande tofauti, nati moja juu na nyingine chini. Kabla ya kugonga, egemeza krengi kwenye kipande cha bomba, la sivyo nyundo yako inazipiga gololi. Pitia nati tena baada ya kupanda kilima kimoja ukiwa na mzigo.