Re: Tukio la mwaka 2019, Kipchoge au Kosgei?

Salaam mkuu. Ubishi wenu wa kijiweni, kama tukio kubwa la marathoni mwaka 2019 ni la Eliud Kipchoge au la Brigid Kosgei, Wakenya wote, umekwama kwa sababu mnachanganya tukio na rekodi. Anzeni kutenganisha hapo. Muda wa Kipchoge kule Vienna, Oktoba 12, 1:59:40, yaani chini ya saa mbili, haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia: alikuwa na wakimbiaji wa kumsindikiza kwa kupokezana, gari mbele likimulika mstari barabarani, wala hayakuwa mashindano ya wazi. Kesho yake Brigid Kosgei akamaliza marathoni ya Chicago kwa 2:14:04, akaifuta rekodi ya dunia ya wanawake ya Mwingereza Paula Radcliffe ya tangu 2003. Hiyo haina ubishi. Kura yangu Kosgei, ingawa wale wasindikizaji walipobaki nyuma na Kipchoge akachomoka peke yake akiwanyooshea mashabiki vidole, chai ilinipoa mkononi.