Mgeni akiingia kikaoni kamera imezimwa, muacheni hivyo hivyo

Juzi nimepata meseji ya dada mmoja anayeendesha kikao cha mtandaoni cha watu wanaoacha pombe na unga. Anasema wageni wanaingia, wanakaa kidogo, wanapotea, hawarudi tena. Anataka kujua shida iko wapi. Nikamuuliza, mgeni akiingia mnamwambia nini? "Tunamwambia awashe kamera ajitambulishe, tumwonyeshe upendo." Nikasema haya, nimeshaelewa.

Maana hilo limenikuta mimi mwenyewe. Mara ya kwanza naingia kikao cha mtandaoni nilikuwa na arosto, mwili unaidai pombe, mikono inatetemeka, nimejifunika shuka na simu yangu ili nyumbani wasisikie. Kwenye skrini limetokea jina langu kamili mpaka la ukoo, kwa sababu ndilo nililojisajilia kwenye ile programu, na hakuna aliyeniambia kwamba linabadilishwa. Mwendeshaji akalisoma lote kwa sauti. Lote! Halafu akasema washa kamera tukuone, hapa hatufichani. Nikakata. Baada ya hapo nilikunywa kwa miezi nikiwa na sababu nzuri kabisa, kwamba nilijaribu wakaniaibisha. Najua yule jamaa hakuwa na nia mbaya, ila mpaka leo nikiikumbuka ile sauti roho inaniuma.

Siku hizi mimi ndiye nafungua mlango wa kikao chetu, na naomba mniruhusu nijisifu kidogo, wageni wetu wanarudi. Sio wote, lakini wanarudi. Mgeni akiwa bado chumba cha kusubiri namwandikia: karibu, weka jina lolote unalotaka, kamera sio lazima, kuongea sio lazima. Akiingia tunamsalimia mara moja, basi, tunaendelea na mambo yetu. Hatumhoji anatumia nini wala tangu lini. Na yale maneno yetu ya ndani, sijui sponsa, sijui hatua ya nne, tunayapunguza, maana mgeni anayasikia anaona kama amepotea njia kaingia dini ya watu.

AA, yaani Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, ilianza mwaka 1935 kule Akron, Ohio, na walevi wawili tu, mmoja anaongea na mwenzake. Mila yao ya tatu, yaani kanuni ya tatu ya vikundi vyao, inasema sharti la kuwa mwanachama ni moja, hamu ya kuacha kunywa. Kamera haimo humo. Jina la ukoo halimo. Sasa wewe uliyeacha juzi juzi unaongeza masharti yako kwa mamlaka ya nani?

Ila mgeni anapatikana au anapotea hasa kikao kikishaisha. Ukumbini watu wanabaki wakipanga viti, mtu anasogezwa pembeni anaulizwa hali. Mtandaoni mwendeshaji anabonyeza kitufe na mgeni anabaki peke yake na skrini nyeusi, na saa zenyewe ndio zile za usiku ambazo kiu inapanda. Kwa hiyo msifunge haraka, acheni chumba wazi, wabaki wawili watatu wanaopiga stori za kawaida. Tena mgeni abaki na yule mwenye miezi michache tangu aache, sio mkongwe aliyeacha miaka ishirini iliyopita, maana mgeni hawezi hata kuiwazia miaka ishirini, anawazia kesho asubuhi. Wanawake wapewe namba za wanawake, na meseji za siri kati ya washiriki zifungwe kabisa. Kuna watu wanakuja vikaoni kuwinda wageni, tusidanganyane.

Lingine hili ni zito. Mgeni akisema alikuwa anakunywa sana kila siku na ameamua kukata ghafla leo, msikimbilie kupiga makofi. Mlevi wa hivyo akiacha ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, baadaye akaanza kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo, na watu wanakufa kwa hilo. Huyo mwambieni aende kwa daktari, leo hii, na kikao atakikuta.

Jamani, tuache kiburi cha usoba, kile cha mtu aliyeacha kujiona bora. Ukishakaa safi kidogo unasahau ulivyokuwa unanuka, unataka mgeni aje amenyooka, anyenyekee, atoe ushuhuda, alie kidogo wewe ufurahi kwamba kikao kimekuwa kitamu. Hakuja kukufurahisha. Usimlazimishe kuongea. Narudia, usimlazimishe.

Na dada yangu, umeniuliza pia ufanyeje mgeni akirudi amelewa. Mruhusu aingie asikilize, maiki yake ibaki imezimwa, akivuruga mrudishe chumba cha kusubiri na mtu mmoja amwandikie taratibu. Kesho yake mchana, akili ikishatulia, mtumie linki na saa ya kikao kinachofuata, na mahubiri usiongeze.