Ukiingia barazani kwa ajenda moja

Niliwahi kuwa diwani wa chama kidogo kilichoanzishwa kwa jambo moja tu: kuondoa dampo lililokuwa limekaa katikati ya makazi ya watu. Kama nawe una jambo lako ambalo vyama vikubwa vimelifumbia macho, nakushauri ugombee. Ila ujue mapema kwamba ukishaapishwa, utapigia kura kila kitu: ushuru wa soko, taa za barabarani, vibali vya ujenzi, posho za watumishi. Jambo lako litakuja siku chache sana.

Kabla ya yote, uliza mwenye mamlaka ni nani. Huko Kidderminster, Uingereza, wananchi walikasirika hospitali yao ilipopunguzwa huduma na idara ya dharura kufungwa mwaka 2000. Chama chao cha Health Concern kilizoa viti vingi katika baraza la wilaya. Lakini hospitali haikuwa ya baraza, ilikuwa chini ya serikali kuu. Ndipo mwaka 2001 wakampeleka bungeni Richard Taylor, daktari mstaafu, akamshinda mbunge aliyekuwepo kwa zaidi ya kura 17,000. Alikaa hadi 2010, na bado idara ile haikurudi kama ilivyokuwa. Nawaheshimu sana watu wale, na ndiyo maana nasema: soma sheria ya serikali za mitaa kwanza. Dampo letu, kwa bahati nzuri, lilikuwa la halmashauri yenyewe.

Halafu jifunze bajeti. Hapa ndipo nguvu ya diwani wa chama kidogo ilipo, na wengi hawapagusi. Rasimu ikitoka, ruka hotuba, nenda kwenye majedwali ya nyuma. Sisi tulitafuta neno “dampo” tukalikuta kwenye kifungu kimoja chenye fedha kidogo. Mafuta ya malori yalikuwa chini ya idara ya uchukuzi, mishahara ya walinzi chini ya utawala, na kukodi greda la kusukuma taka kulifichwa kwenye “matengenezo mengineyo”. Tulikaa na rula na kalamu nyekundu, mstari kwa mstari, tukajumlisha. Tangu siku hiyo hoja yetu haikuwa tena harufu na nzi, mambo ambayo kila mtu alishachoka kuyasikia. Ilikuwa fedha. Madiwani wa vyama vikubwa waliokuwa wakiinuka kwenda kunywa chai tukianza kuzungumza wakabaki vitini, wakauliza maswali.

Kamati nayo ichague kwa makini, maana kikao cha baraza zima mara nyingi kinapitisha tu yaliyokwisha kuiva kwenye kamati. Wakikujia wakubwa wanaohitaji kura yako, dai jambo lako liingie kwenye muhtasari wa kikao. Ahadi ya kwenye korido usiihesabu.

Kuhusu mambo mengine yote, kubalianeni kabla ya uchaguzi. Chama cha Piratenpartei kiliingia bunge la jiji la Berlin mwaka 2011 kwa viti 15, kikijulikana zaidi kwa masuala ya intaneti na uwazi. Uchaguzi wa 2016 kilipoteza vyote, baada ya miaka ya malumbano ya ndani. Wenzangu nao waliunganishwa na dampo tu. Kwenye ushuru wa soko walikuwa kama paka na panya. Tuliandikiana hivi: kwa dampo tunapiga kura pamoja, kwa mengine kila mmoja na dhamiri yake, mradi awaeleze wapigakura wake msimamo huo hadharani kabla ya kura. Mpango huo ulituokoa na magomvi mengi.

Na mkishinda? Wapo wanaopanua ajenda. Partij voor de Dieren cha Uholanzi kilianzishwa 2002 kutetea wanyama, kikapata viti viwili bungeni 2006, na leo kinazungumzia kilimo na mazingira kwa mapana. Njia hiyo ni halali kabisa. Sisi tuliweka kifungu kwenye katiba ya chama: dampo likifungwa, mkutano mkuu uitishwe wanachama waamue chama kiendelee au kivunjwe. Nyumba hadi nyumba, hicho ndicho kifungu tulichoombwa kukisoma mara nyingi kuliko vyote, na watu wakishakisikia walianza kutuuliza tarehe ya kupiga kura.