Mshubiri na mchaichai nyumbani: maji, kisu, na sehemu iliyo dawa

Mishubiri mingi inayofia majumbani haiuawi na jua. Inauawa na maji. Mmea huu, ambao sokoni wengi huuita alovera, hutunza maji yake ndani ya majani, na mizizi yake huoza upesi udongo ukikaa na unyevu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni chombo. Ndoo ya lita 10 iliyopasuka inatosha kabisa, mradi uitoboe chini matundu matano au sita ya upana wa kidole kidogo. Changanya udongo wa kawaida sehemu mbili, mchanga wa mto sehemu mbili, na mboji iliyooza vizuri sehemu moja. Mchanga wa ufukweni uache, una chumvi. Samadi mbichi nayo huunguza mizizi.

Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole hadi pingili ya pili. Ukigusa unyevu, mmea uache. Wakati wa kiangazi, mara moja kwa siku saba hadi kumi hutosha. Masika, usogeze chini ya upenu na usahau kopo la maji. Majani yenyewe husema: yakiwa membamba na kujikunja, mmea una kiu, yakigeuka mekundu, jua ni kali mno, yakilainika na kuwa meusi kwenye shina, mizizi imeoza. Hapo ng'oa mmea, kata mizizi yote iliyooza mpaka ufike penye uzima, uanike kivulini siku tatu au nne, kisha upande kwenye udongo mkavu. Maji subiri wiki moja. Hatua hiyo ya kuanika ndiyo watu huiruka, na ndiyo sababu mmea huoza tena. Fanya vivyo hivyo kwa watoto wanaochipua pembeni ya mama: watenge wakifika sentimita 15 hivi, kidonda kikauke, ndipo uwapande.

Sasa kuvuna, na hapa naomba usome taratibu. Jani la mshubiri lina vitu viwili tofauti. Katikati kuna ute mweupe unaopitisha mwanga, ambao ndio wa kupaka. Chini tu ya ganda kuna utomvu wa manjano, mchungu kupindukia, na huo ndio hasa ulioipa shubiri sifa yake ya uchungu. Utomvu huo ni haluli kali: husokota tumbo, huharisha, na hupunguza madini ya potasiamu mwilini. Marekani iliondoa madukani haluli zilizotengenezwa nao mwaka 2002. Anayesaga jani zima na ganda lake akanywa, anakunywa utomvu huo.

Vuna jani la nje kabisa, lililo nene, kwenye mmea wenye majani nane au zaidi. Likate karibu na shina kwa kisu kikali, kisha lisimamishe kwenye glasi, upande uliokatwa ukiwa chini, kwa dakika 15 ili utomvu uchuruzike. Lioshe, ondoa miiba ya pande zote mbili, menya ganda la juu na la chini, kisha suuza ute mpaka usione tena umanjano. Kwenye friji hukaa siku tano hivi. Ukibadilika kuwa wa waridi au kunuka, tupa.

Kwa kuungua kidogo na moto au mvuke, maji ya bomba yanayotiririka hutangulia, dakika 20 kamili, ndipo ute ufuate. Ngozi iliyotoka malengelenge makubwa, iliyochunika, au ya usoni, mpeleke mtu hospitali bila kumpaka kitu. Mjamzito, mama anayenyonyesha, mtoto mdogo na anayetumia dawa za moyo, za kisukari au za kupunguza maji mwilini wasinywe shubiri. Na shubiri mwitu ya porini usiinywe kwa kuwa tu inafanana na ya chunguni. Jamii hii ina aina nyingi na baadhi zina sumu. Wafugaji wanaoweka shubiri kwenye maji ya kuku nao wakumbuke kwamba chanjo ya kideri bado ni lazima.

Mchaichai ni kinyume chake: unapenda maji na hausumbui. Omba kwa jirani machipukizi matatu yenye mizizi, punguza majani yabaki kama sentimita 15, panda shimo moja, na uache sentimita 60 hadi shina jingine. Baada ya miezi minne hadi sita unaanza kuvuna, ukikata sentimita 10 juu ya ardhi. Madoa ya rangi ya kutu yakitokea, kata majani hayo, uyachome, na umwagilie chini badala ya juu ya majani. Shina likizeeka na kuwa tupu katikati, ling'oe, ligawanye kwa panga, upande upya sehemu za pembeni.

Chai yake: majani matatu marefu, nusu lita ya maji, dakika tano, sufuria ikiwa imefunikwa. Harufu ile ni mafuta, nayo huondoka na mvuke. Inaburudisha mwenye mafua, lakini mwenye homa akapime malaria kwanza. Hata pakanga, mmea unaotoa kiini cha dawa ya mseto, Shirika la Afya Duniani halikubali chai yake itumike kutibu malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa hubadilika na vimelea huweza kuwa sugu.

Ukitaka kuhifadhi mchaichai, ukatekate, utandaze kivulini penye upepo, ugeuze kila siku. Jua huondoa harufu. Jani lisipovunjika kwa mlio ukilikunja, bado. Ukilifungia kwenye chupa hivyo, ndani ya siku chache utakuta kuvu.