Maswali na majibu: Amorim, vizibo vya soda na penalti 26

Haya niliyajibu Septemba 2025, Ruben Amorim akiwa bado kocha wa Manchester United. Ligi ilikuwa imesimama kupisha mechi za timu za taifa, lakini simu yangu haikusimama. Tangu Grimsby Town, timu ya daraja la nne, iitupe nje Manchester United kwenye Kombe la Carabao usiku wa Agosti 27, 2025, meseji zilizokuwa zinaingia zilikuwa za namna moja. Nimejibu hizi chache. Nyingine hazichapishiki. Na niseme mapema ili nisije kushikwa shati: mimi ni wa United, kwa hiyo nisomeni mkijua hilo.

Kaka, kila mtu analaumu 3-4-3 ya Amorim lakini hakuna anayenieleza tatizo ni nini. Nifafanulie kama mtoto. (Msomaji, Mwanza)

Tafuta vizibo kumi vya soda uvipange mezani. Vitatu nyuma, vinne mbele yake kwa mstari, vitatu juu. Sasa tazama ule mstari wa wanne. Viwili vya pembeni vyote vinakimbia na chaki, kupanda na kushuka, hao wasahau. Katikati vimebaki viwili tu. Hao ndio Bruno Fernandes na Casemiro.

Mpinzani anakuja na viungo watatu. Bruno akimfuata mmoja na Casemiro akimfuata mwingine, wa tatu anapokea mpira peke yake, anageuka, anainua kichwa, anachagua. Casemiro ana miaka 33. Akishapitwa, mpaka arudi, yule jamaa ameshafika kwenye boksi. Basi beki mmoja wa kati anaona bora atoke akazibe, na akitoka tu, mgongoni kwake pamebaki shimo la kupitisha daladala. Ukiona goli la aina hiyo, usimtukane beki. Rudisha picha nyuma sekunde sita uangalie katikati.

Dawa yake si siri. Mmoja wa wale namba kumi wawili wanaocheza nyuma ya mshambuliaji wa kati, iwe Mbeumo, Cunha au Mount, ashuke awe kiungo wa tatu mpira unapopotea. Au beki mmoja apande kati mapema, kabla mpira haujafika. Amorim aliyaweza hayo akiwa Sporting, akachukua ubingwa wa Ureno 2021 na 2024. Ila kule timu nyingi zilikuwa zinajifungia nyuma zikimsubiri. England hata Burnley waliopanda daraja juzi wanakuja Old Trafford wanakushambulia, na wakafunga mawili. Tuliwashinda 3-2 kwa penalti ya Bruno dakika ya 97. Nilishangilia kama kichaa, halafu nikakaa chini nikaona aibu.

Kwa hiyo mabeki watatu hawafai Ligi Kuu ya England? (Msomaji, Mombasa)

Wanafaa sana. Antonio Conte alipigwa 3-0 na Arsenal Septemba 2016, akahamia 3-4-3, Chelsea ikashinda mechi 13 za ligi mfululizo na kumaliza bingwa na pointi 93. Na Mei 2025 Crystal Palace ya Oliver Glasner imechukua Kombe la FA mbele ya Manchester City ikiwa na mabeki watatu nyuma.

Lakini wawili wa kati wa Conte walikuwa N'Golo Kanté na Nemanja Matić. Kanté peke yake alikuwa anakaba kwa niaba ya watu wawili na nusu. Ukiwa naye, panga hata 3-2-5, utalala usingizi. Bruno ni fundi wa pasi ya mwisho. Kumpa kazi ya Kanté ni kumtuma fundi cherehani akachimbe kisima: atachimba, maana ana bidii, ila nguo zetu nani atashona?

Yanga msimu uliopita ilitumia makocha watatu na ikabeba ubingwa. United wanaogopa nini? (Mwananchi, Tabata)

Nilijua swali hili litatoka Tabata. Ni kweli, Gamondi aliondolewa Novemba 2024 baada ya vipigo viwili mfululizo vya Azam na Tabora United, akaja Ramović, naye akaondoka Februari, akaja Miloud Hamdi, na Juni 25 mkamfunga mtani 2-0 pale kwa Mkapa mkachukua kombe. Hongereni, tumeshasema, yaishe.

Ila basi lenu lilikuwa zima. Mlibadilisha dereva tu. Injini, matairi na abiria walikuwa walewale waliozoea kushinda. Basi la United linabadilishwa dereva na kila dereva anakuja na injini yake. Tangu Ferguson astaafu 2013, Amorim ni wa saba ukimhesabu Rangnick wa miezi sita na ukiwaacha wale walioshikilia timu kwa mechi chache. Moyes, Van Gaal, Mourinho, Solskjær, Rangnick, Ten Hag, kila mmoja na soka lake na orodha yake ya manunuzi.

Angalia dirisha hili lililofungwa Septemba mosi. Garnacho ameuzwa Chelsea kwa pauni milioni 40. Antony ameuzwa Betis. Rashford yuko Barcelona kwa mkopo, Sancho yuko Aston Villa kwa mkopo. Hao wote wanne ni mawinga! Wameondoka, na mfumo wa Amorim hauna winga wa kusimama pembeni. Sasa mfukuze leo, kesho mlete kocha wa 4-3-3, jambo la kwanza atakaloomba ni nini? Mawinga. Na tutanunua tena.

Ferguson naye alianza vibaya na akavumiliwa. Vijana wa leo hamna subira. (Mzee wa zamani, Tanga)

Shikamoo mzee wangu. Nakubali nusu. Ferguson alikuja Novemba 1986, na msimu wa 1989/90 alimaliza wa 13, tena baada ya kufungwa 5-1 na City Septemba. Wengi wanasema bao la Mark Robins kule Nottingham, Januari 1990, kwenye Kombe la FA, ndilo lililomwokoa. Mei yake akabeba kombe lenyewe, na ligi akaipata 1993.

Nusu nisiyoikubali ni hii: katika msimu wake wa kwanza mzima Ferguson alimaliza wa pili. Watu waliomvumilia walikuwa wameshaonja. Sisi tumeonja nini? Mechi 27 za ligi msimu uliopita chini ya Amorim, pointi 27. Alishinda saba, sare sita, akapoteza 14. Timu ikamaliza ya 15 na pointi 42, nafasi mbaya kuliko zote tangu mwaka tulioshuka daraja, 1974. Mpaka Septemba hii ya 2025 hajawahi kushinda mechi mbili za ligi mfululizo, mzee. Mbili tu!

Kulikuwa na ule usiku wa mechi na Lyon kwenye Ligi ya Europa, sikatai. Tuko nyuma 4-2 muda wa nyongeza, tukafunga matatu ndani ya dakika saba, Maguire akamaliza kwa kichwa, 5-4. Kisha tukaenda Bilbao kwenye fainali ya Europa, tukafungwa 1-0 na Tottenham iliyomaliza ligi ya 17. Na wao kocha wao, kombe mkononi, walimfukuza siku 16 baadaye. Kwa hiyo usinisimulie habari za subira kwenye mpira wa siku hizi.

Kwa nini Mainoo hachezi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Kwa sababu kocha anamweka foleni moja na Bruno, na Bruno hatolewi. Aliomba kwenda kwa mkopo, klabu ikakataa. Kijana wa miaka 20 anayejua kugeuka na mpira katikati ya watu watatu anakaa benchi kwenye timu inayolia kukosa watu katikati. Hilo sina jibu lake la heshima.

Acha kuzunguka. Afukuzwe au asifukuzwe? (Bodaboda, Kawe)

Haya. Kumwondoa Ten Hag, wasaidizi wake na mkurugenzi wa michezo Dan Ashworth kuliigharimu klabu pauni milioni 14.5. Mkataba wa Amorim unafika 2027, na dirisha hili amenunuliwa watu kwa zaidi ya pauni milioni 200. Mwenyewe alisema baada ya Bilbao kwamba wakubwa na mashabiki wakiona hafai, ataondoka bila kudai fidia. Maneno ya kiungwana. Sijui kama mwanasheria wake aliyapenda.

Mimi ningempa mpaka Krismasi, kwa sharti moja, na sharti lenyewe nililipata usiku ule wa Grimsby. Mvua inanyesha, tuko nyuma 2-0, kamera ikammulika amekaa na kibao chake kidogo cha sumaku anasogeza vidude huku na huku. Nilisogeza kiti mbele nione anapanga nini. Timu ikarudi, Mbeumo akafunga, Maguire akasawazisha dakika ya 89. Zikaja penalti, 26 jumla, hadi makipa wakapiga, na kocha akabaki amejikunyata kwenye benchi hatazami. Mbeumo akagonga mtambaa wa panya, ule mwamba wa juu wa goli, 12-11, saa sita na ushee usiku kwetu, na jirani yangu wa Arsenal akafungua dirisha ili nimsikie anavyocheka.

Sharti ni kwamba kati ya vile vidude vyote, asogeze kimoja tu, kutoka mbele kwenda katikati. Simwombi aache mabeki watatu. Akikataa mpaka Desemba, namfungia virago mwenyewe.

Anko, derby ya City Jumapili niweke United kwenye mkeka? (Kijana, Temeke)

Nauli yako ya Jumatatu unayo?

Mume wangu United ikifungwa hali wala hasemi mpaka kesho yake. Nifanyeje? (Dada, Dodoma)

Pole dada. Mechi na City ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Pika mapema, ale kabla.