Mshono wako haufunguliwi na mama mkwe

*Shangazi, shikamoo. Nina wiki ya tano tangu nijifungue mtoto wangu wa kwanza kwa upasuaji. Wiki ya pili mshono ulifunguka pembeni, nikarudi hospitali, wakausafisha na kunipa vidonge. Nilipopata nafuu vidonge vya mwisho sikuvimaliza, nikarudia kazi zangu za nyumbani. Sasa mshono unatoa majimaji tena. Lakini shida yangu si hiyo. Shida ni mama mkwe, aliyekuja bila kuitwa na hataki kuondoka. Kutwa ananiambia "wewe kaa," kana kwamba sina mikono. Juzi alininyang'anya ndoo ya nguo mbele ya wageni. Mume wangu naye amehamia sebuleni, eti kwa kuwa nilimwambia akijigeuza kitandani ananitonesha. Nikimwambia mama yake aondoke, ananyamaza. Nilitaka kuzaa kawaida nikashindwa, na sasa naonekana mzigo. Nalia kila siku. Hivi huyu mwanamume bado ananipenda?*

*Mama Kichanga*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa mtoto. Pole pia. Kulea kichanga huku tumbo linakuuma si jambo dogo.

Sasa tuambizane ukweli. Barua yako imejaa mama mkwe kutoka juu hadi chini, kidonda umekigusia tu, kisha ukaniambia shida si hiyo. Shida ndiyo hiyo hiyo. Mshono ulioanza kufunga ukarudi kutoa majimaji unatakiwa kuonwa na daktari leo, usingoje ugomvi wa nyumbani uishe. Ukiona usaha au ukasikia harufu, ngozi ikivimba, ikibadilika rangi na kuwa ya moto, au ukipata homa ya nyuzi 38 kwenda juu, hata kama ni usiku wa manane nenda. Na ukifika, mwambie daktari kwamba vidonge hukuvimaliza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ulipewa dozi nzima kwa sababu vijidudu haviishi siku unayoanza kujisikia vizuri. Vinavyobaki hurudi, na safari ya pili huweza kuwa vigumu zaidi kuvitoa.

Halafu hiyo ndoo ya nguo. Wewe umeileta kwangu kama ushahidi dhidi ya mama mkwe, mimi naisoma kama ushahidi dhidi yako. Nguo zilizolowa na maji yake! Unainama, unashika mkono wa ndoo, unanyanyuka nayo, tumbo zima linakaza na mshono unavutwa huku na huku. Watu wakiona ule mstari chini ya kitovu hudhani ndio upasuaji wote. Chini ya ngozi kuna mafuta yaliyokatwa, kuna utando mgumu unaoshikilia misuli, kuna utando wa ndani wa tumbo, kisha mji wa mimba wenyewe. Misuli nayo ilitanuliwa kando ili mtoto apite. Vyote hivyo vinajiunga taratibu, kila kimoja kwa wakati wake, na juu panaweza kuonekana pamepona wakati ndani bado. Ndiyo maana wazazi wa upasuaji huambiwa wasinyanyue kitu kizito kuliko mtoto kwa muda wa wiki sita hivi. Hizo ni za aliyekwenda vizuri tangu mwanzo. Wewe uliyerudi nyuma mara mbili, muda wako atakupangia daktari.

Sisemi kila mshono unaofunguka ni kosa la mwenye mshono. Hapana. Wapo wanaotulia, wakameza kila kidonge, na bado kidonda kikaingia vijidudu. Lakini wewe umeniandikia mwenyewe: dawa uliacha, kazi ulirudia, na aliyekuzuia unataka afukuzwe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyo mama alikuona unakwenda kujiumiza akakunyang'anya ndoo. Angengoja wageni waondoke, mshono usingengoja. Katika hili mimi niko upande wake, tena waziwazi.

Kukaa anakokwambia nako usikuelewe vibaya. Usilale kutwa nzima, maana kutojongea kabisa huweza kugandisha damu miguuni. Tembea polepole ndani ya nyumba. Ukitoka kitandani, jigeuze kwanza ubavu, shusha miguu, ndipo ujisukume kwa mkono. Usiinuke chali ukalivuta tumbo. Ukitaka kukohoa au kupiga chafya, kumbatia mto juu ya mshono. Mtoto mnyonyeshe umelala ubavu, au mpitishe chini ya kwapa ili miguu yake isikupige. Na ukiona shavu la mguu mmoja limevimba na linauma, pumzi inakatika, kichwa kinagonga na macho yanaona ukungu, au pedi inalowa chepechepe ndani ya saa moja, hapo usiandike barua kwa mtu. Kimbilia hospitali.

Tuje kwa mumeo. Amehamia sebuleni, au umemhamisha? Ulimwambia akijigeuza anakutonesha. Akafanya anachoweza mwanamume mwenye hofu, akaondoka kitandani. Leo kule kuondoka kumekuwa dalili kwamba hakupendi. Angebaki, ungeniandikia kwamba hajali maumivu yako. Kosa lake ninaloliona ni ule ukimya. Anapaswa kufungua mdomo akuambie anaogopa nini, na nina hakika anaogopa, kwa sababu alikuona unaingizwa chumba cha upasuaji na hakujua utatokaje. Muulize leo. Mpe pia kazi yenye jina: usiku mtoto akilia, yeye ndiye amnyanyue na kumleta ubavuni mwako. Si kila mtu anajua kusaidia bila kuelekezwa.

Ndoa za siku hizi zimeingiliwa na ugonjwa wa kutaka kuonekana tunaweza. Mwanamke amejifungua juzi, leo anaangalia kwenye simu picha ya mwenzake tumbo limerudi bapa na nyumba inang'aa, basi naye anashika ufagio. Picha haionyeshi nani alikuwa ameshika mtoto, nani aliosha vyombo. Mume akija kusaidia anaambiwa hajui kufanya. Wakwe wakija wanaambiwa wameingilia. Jioni mke amechoka, analia kwamba ameachwa peke yake, na kweli yuko peke yake, ila mlango ameufunga mwenyewe. Msaada wa mkwe una maudhi yake, sikatai. Mwambie kwa heshima, "Mama, mbele za watu nihifadhi." Hilo atalisikia. "Ondoka" hatalisahau.

Kuna neno moja katika barua yako lililoniuma kuliko yote: "nikashindwa". Nahisi hapo ndipo ndoo ilipoanzia. Unafua ili uthibitishe kwamba wewe ni mzazi kamili. Nani aliyekushtaki? Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilisema zaidi ya mtoto mmoja kati ya kila watano duniani huzaliwa kwa upasuaji. Mama zao wote hao wameshindwa? Ulibeba mimba, ukakubali kukatwa, mtoto yuko hai mikononi mwako. Umezaa, mwanangu. Huna deni kwa mtu yeyote, na huyo mama mkwe hajakudai, amekuambia ukae tu.

Kulia nako nataka nikuzungumzie bila ukali. Siku za mwanzo baada ya kujifungua machozi huja yenyewe, na kwa kawaida ndani ya wiki mbili hupungua. Wewe uko wiki ya tano na unalia kila siku. Hiyo inaweza kuwa sonona ya baada ya uzazi. Ni ugonjwa, unatibika, na unawapata wengi. Mwambie daktari huyo huyo atakayeangalia mshono. Na kama imewahi kukujia fikra ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwamshe mumeo saa hiyo hiyo, muende pamoja hospitali.

Kuhusu kama anakupenda, sikupi jibu leo. Moyo uliochoka na mwili wenye kidonda havipimi ndoa vizuri. Mwachie mama mkwe nguo, mumeo abebe mtoto, wewe beba cheti chako cha hospitali na uwahi foleni. Daktari akishakuona, niandikie amesema nini.